Mafuriko yakifunga barabara: Jinsi mwendeshaji baiskeli wa Wema anavyoweza kujinoa akiwa nyumbani

KILA mvua kubwa zinaponyesha katika nyanda za juu za Kenya, wakazi wa delta ya Mto Tana huanza kuhesabu siku. Maji yanayomwagika Mlima Kenya na safu za Aberdare huteremka hadi mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa hayo yakijaa na kufurika, maji huchukua siku kadhaa kabla ya kufika Garsen na vijiji vya Wema, Hewani na Kulesa.

Mafuriko yakishafika, barabara humezwa na mashamba ya mpunga na migomba hugeuka ziwa. Baiskeli, ambayo siku nyingine humfikisha mwanafunzi shuleni, mkulima shambani na mfanyabiashara sokoni, huegemezwa ukutani au kupakiwa kwenye mtumbwi.

Kwa kijana anayejiandaa kwa mashindano ya baiskeli za barabarani, hapo ndipo huzuka swali gumu. Je, aache mazoezi kwa mwezi mzima na kupoteza pumzi aliyoitafuta kwa miezi mingi, au ajitose katika barabara iliyofunikwa na maji asiyojua kina chake?

Ipo njia ya tatu: kufanya mazoezi ndani ya nyumba au kibarazani, baiskeli ikiwa imesimama mahali pamoja. Njia hiyo ilianzia mbali na Tana River, katika nchi ambako theluji hufunga barabara. Hata hivyo, inafaa pia katika delta, mradi mhusika aelewe kwamba adui wake hapa ni joto wala si baridi.

Hatari isiyofaa kujaribiwa

Historia ya eneo hilo inaonyesha kwamba mafuriko si jambo la kubahatisha. Mvua za El Nino za mwaka wa 1997 na 1998 ziliharibu kingo na mifereji ya mradi wa unyunyizaji wa mpunga wa Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi (TARDA) katika delta hiyo. Mwaka wa 2018 maelfu ya watu walihama makwao katika kaunti ya Tana River. Mafuriko yakarejea mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024.

Katika mafuriko hayo ya karibuni, usafiri katika barabara ya Lamu, Witu hadi Garsen, yenye urefu wa kilomita 135, ulikatizwa katika maeneo ya Gamba na Lango la Simba. Mnamo Aprili 2024, boti lililokuwa likivusha watu katika eneo lililofurika kati ya Madogo na Garissa lilizama na watu wakafariki.

Maji yanayopita juu ya lami yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Mkondo unaofika magotini unaweza kumwangusha mtu mzima, na mwenye baiskeli yuko hatarini zaidi kwa kuwa magurudumu yake membamba huteleza na fremu husukumwa na maji. Isitoshe, mashimo na sehemu za barabara zilizobomoka hazionekani chini ya maji ya tope, nao mamba, viboko na nyoka husambaa kufuata maji.

Kwa hivyo uamuzi wa kwanza wa mwendeshaji ni kutoingia majini. Mtu ambaye nyumba yake imezama na jamaa zake wamehamia kambini ana mambo mazito kuliko mazoezi. Lakini kwa yule ambaye nyumba yake ingali kavu huku barabara ikiwa imefungwa, hakuna sababu ya kukaa bure.

Pumzi hupotea haraka

Mwili haudumishi uwezo usiotumika. Siku chache tu baada ya mazoezi kukoma, kiasi cha maji katika damu huanza kupungua na moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Baada ya wiki mbili hadi nne, uwezo wa mwili wa kutumia oksijeni hushuka kwa kiwango kinachoonekana wazi, hasa kwa wanaspoti waliokuwa wameiva.

Habari njema ni kwamba kudumisha pumzi ni rahisi kuliko kuitafuta upya. Mwendeshaji aliyezoea kukaa barabarani saa kumi kwa wiki anaweza kulinda sehemu kubwa ya uwezo wake kwa vipindi viwili au vitatu vifupi kila wiki, mradi vipindi hivyo viwe na makali. Muda unaweza kupunguzwa, lakini ukali haupaswi kupunguzwa.

Ushahidi upo. Mathew Hayman wa Australia alivunjika mkono Februari 2016 wiki chache kabla ya mashindano ya Paris-Roubaix nchini Ufaransa. Kwa kuwa hakuweza kuendesha barabarani, alifanya mazoezi nyumbani kwake kwenye baiskeli iliyosimamishwa. Mnamo Aprili 10 mwaka huo alirejea mashindanoni na kuibuka mshindi wa kwanza, akimpiku Tom Boonen wa Ubelgiji aliyekuwa amewahi kushinda mara nne.

Janga la Covid-19 lilipozuka mwaka wa 2020, waendeshaji nchini Uhispania na Italia walipigwa marufuku kufanya mazoezi nje kwa wiki kadhaa. Waliendelea kujinoa majumbani na msimu ulipofunguliwa upya Agosti, mbio ziliendeshwa kwa kasi kama kawaida. Mwezi Desemba mwaka huo Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) liliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za ndani, ambapo taji la wanawake lilitwaliwa na Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini.

Mfano wa mnoa visu

Anayedhani kwamba mazoezi ya aina hii ni mageni anaweza kumtazama mnoa visu anayezunguka mitaani katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Fundi huyo huinua gurudumu la nyuma la baiskeli yake kwa stendi, kisha hukanyaga pedeli huku mkanda ukizungusha jiwe la kunolea. Baiskeli haiendi popote, lakini miguu inafanya kazi halisi. Kadiri kisu kinavyokandamizwa kwenye jiwe ndivyo pedeli zinavyozidi kuwa nzito.

Vifaa vya mazoezi ya ndani hufuata kanuni hiyo hiyo. Vinahitaji mambo mawili: kuizuia baiskeli isisonge mbele, na kuyapa magurudumu kitu cha kupambana nacho. Tofauti kati ya kifaa cha bei nafuu na cha bei ghali ni namna mzigo huo unavyotolewa na kupimwa.

Aina ya kwanza ni rola. Hii ni fremu ya chuma yenye mitungi mitatu inayozunguka, miwili chini ya gurudumu la nyuma na mmoja chini ya gurudumu la mbele. Mkanda huunganisha mtungi wa nyuma na wa mbele ili magurudumu yote mawili yazunguke. Baiskeli haifungwi mahali popote, hivyo mwendeshaji hulazimika kusawazisha mwili kama aliye barabarani.

Rola haihitaji umeme, haina sehemu nyingi za kuharibika na humfundisha mtu kukanyaga kwa ulaini bila kuyumba. Upungufu wake ni kwamba mzigo ni mwepesi. Unaweza kuongezwa kwa kutumia gia kubwa au kupunguza kidogo upepo wa tairi. Mgeni wa kifaa hiki aanzie kando ya ukuta au katikati ya mlango ambapo anaweza kushika miimo, kwani siku za kwanza kuanguka ni jambo la kawaida.

Aina ya pili ni stendi inayobana ekseli ya gurudumu la nyuma huku mtungi mdogo ukikandamizwa kwenye tairi. Mzigo hutolewa na mapezi yanayosukuma hewa, au sumaku, au mafuta yaliyofungiwa ndani. Stendi ya mapezi huwa na kelele nyingi. Ya sumaku ina wenzo wa kuongeza na kupunguza uzito. Ya mafuta ni tulivu na mzigo wake huongezeka pamoja na kasi, jambo linaloifanya ikaribiane na hali ya barabarani.

Aina ya tatu ni ya kisasa zaidi. Gurudumu la nyuma huondolewa kabisa na mnyororo huvishwa kwenye gia zilizo kwenye kifaa chenyewe. Kifaa hicho hupima nguvu kwa wati, huwasiliana na simu au kompyuta bila waya na hubadilisha mzigo chenyewe ili kuiga mlima au tambarare. Kilihitaji mamia ya dola hata kiliposhuka bei: Zwift Hub ilipoingia sokoni mwaka wa 2022 iliuzwa kwa dola 499 za Marekani, kabla ya gharama za usafirishaji na ushuru.

Baiskeli uliyo nayo ndiyo hukumu

Kabla ya kununua chochote, mwendeshaji anashauriwa kuikagua baiskeli yake mwenyewe. Vijijini, baiskeli iliyotapakaa ni ile nzito ya chuma ijulikanayo nchini Kenya kama Black Mamba. Ina gia moja, rimu za inchi 28, breki za vyuma na karia imara ya kubebea mizigo. Ekseli yake hukazwa kwa nati.

Baiskeli hiyo haiwezi kuunganishwa na kifaa cha aina ya tatu, ambacho kimeundiwa baiskeli zenye gia nyingi. Stendi ya kubana ekseli inaweza kuikataa pia, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa ekseli ya kufunguliwa kwa mkono, na hivyo huhitaji nati maalumu. Karia na stendi ya kuegeshea nazo huenda zikagusa fremu ya kifaa, hivyo hufaa kuondolewa kwanza.

Rola huikubali Black Mamba ikiwa tu umbali kati ya mitungi unaweza kurekebishwa, kwani magurudumu ya baiskeli hiyo yametengana zaidi kuliko ya baiskeli ya mashindano. Ni vyema kupima umbali kutoka katikati ya ekseli moja hadi nyingine kabla ya kulipa pesa.

Wapo wanaomwomba fundi wa kuchomelea vyuma awatengenezee stendi. Jambo hilo linawezekana, lakini stendi lazima iwe pana chini na isitikisike mtu anaposimama kwenye pedeli. Kosa la kuepukwa ni kutafuta mzigo kwa kukaza breki mfululizo. Rimu huchemka, raba za breki huisha na mpira wa ndani unaweza kupasuka.

Asiye na kifaa chochote bado ana mwili wake. Kuchuchumaa na kuinuka, kupanda na kushuka juu ya kigogo imara, kuruka kamba na kujishikilia kwa viwiko huku mwili umenyooka ni mazoezi yanayolinda mapaja, kiuno na moyo. Hayachukui nafasi ya pedeli, lakini yanamzuia mtu asirudi barabarani akiwa mgeni.

Joto ndilo kikwazo kikuu

Hapa ndipo ushauri unaotoka nchi za baridi unapopaswa kusahihishwa. Mwendeshaji wa Ulaya huingia ndani kukwepa baridi. Katika delta ya Tana, ambapo joto hupita nyuzi 30 mchana na hewa imejaa unyevu, kuingia ndani ni kujiongezea joto.

Hesabu yake ni rahisi. Misuli ya binadamu hugeuza takriban robo tu ya nishati kuwa mwendo. Iliyobaki huwa joto. Mtu anayesukuma pedeli kwa wati 200 huzalisha kati ya wati 600 na 800 za joto mwilini mwake, zaidi ya nusu ya joto la pasi ya kawaida ya umeme. Barabarani, kasi ya kilomita 30 kwa saa humletea upepo unaoliondoa joto hilo. Chumbani hakuna upepo.

Mwili hutegemea jasho. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa joto linalokaribia lile ambalo mtu huyo huzalisha kwa saa nzima. Jambo la kukumbukwa ni kwamba jasho hupoza linapokauka tu. Jasho linalodondoka sakafuni limepotea bure, limechukua maji ya mwili bila kupunguza joto lolote. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu na haisongi, jasho jingi hudondoka.

Kwa sababu hiyo, kifaa cha kwanza cha kununuliwa na mwendeshaji wa Wema, kabla hata ya stendi yenyewe, ni feni. Palipo na umeme, feni kubwa ya sakafuni ielekezwe kifuani. Pasipo na umeme wa gridi, zipo feni ndogo zinazotumia betri na paneli za jua. Pasipo na lolote kati ya hayo, baiskeli iwekwe kibarazani au chini ya mwembe, upande unaopitisha upepo.

Muda nao una maana yake. Alfajiri ndiyo saa bora, kabla ya jua kupanda na mabati kupata moto. Machweo yanavutia kwa utulivu wake, lakini maji yaliyotuama baada ya mafuriko huzaa mbu, na mtu anayehema na kutokwa na jasho huwavutia kwa wingi. Malaria itamweka kitandani muda mrefu kuliko mafuriko.

Dalili za hatari zisipuuzwe. Kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kutetemeka ni onyo la kuacha mara moja. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kuzirai, hiyo ni dharura inayoweza kuua. Wenzake wampeleke kivulini, wamvue nguo za juu, wammwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma huku usafiri wa kumfikisha hospitalini ukitafutwa. Kupoza mwili kuanze pale pale, kusingoje gari wala boti.

Maji, chumvi na mizani

Mtu anayefanya mazoezi ndani katika hali ya hewa kama ya Garsen anaweza kupoteza lita moja hadi moja na nusu ya jasho kwa saa. Njia rahisi ya kujua kiasi chake ni kujipima kwenye mizani kabla na baada ya mazoezi, akiwa amejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Mwenye kilo 60 asiruhusu upungufu upite kilo moja na gramu 200.

Kunywa kupita kiasi nako kuna madhara, kwani maji mengi matupu huzimua chumvi ya damu. Kwa kipindi kinachozidi saa moja, kinywaji cha nyumbani kinatosha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Madafu ni mazuri na yana potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo, hivyo hayatoshi peke yake kwa anayetoka jasho jingi.

Usafi wa maji ni suala la uhai wakati wa mafuriko. Visima na mto huchafuliwa na vyoo vilivyofurika, na ugonjwa wa kipindupindu uliripotiwa Tana River katika mafuriko ya miaka ya karibuni. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, na chupa ya kunywea ioshwe kila siku.

Ratiba ya wiki moja

Saa moja kwenye stendi ni nzito kuliko saa moja ya barabarani, kwani hakuna mteremko wa kupumzikia wala kona ya kuachilia pedeli. Dakika 40 hadi 60 zinatosha. Ratiba ya siku tatu kwa wiki, zenye mapumziko kati yake, inaweza kupangwa ifuatavyo.

Siku ya kwanza ni ya makali. Baada ya dakika 15 za kupasha mwili moto, mwendeshaji akanyage kwa nguvu kwa dakika tatu, kisha apumzike kwa kukanyaga polepole dakika tatu. Afanye hivyo mara tano, na kumaliza kwa dakika 10 za mwendo mwepesi.

Siku ya pili ni ya ulaini wa miguu. Kwa dakika 40 atumie gia nyepesi na kuzungusha pedeli mara 90 hadi 100 kwa dakika bila kurukaruka kwenye kiti. Hapa rola ndiyo mwalimu bora.

Siku ya tatu ni ya mlima. Delta ni tambarare tupu na mwendeshaji wa Wema hana kilima cha kujipimia. Stendi inaweza kuziba pengo hilo kwa kiasi fulani: gia nzito, mizunguko 60 hadi 70 kwa dakika, kwa dakika 10 hadi 12 bila kukatiza, mara mbili au tatu. Mtu mwenye maumivu ya goti asifanye zoezi hili.

Umuhimu wa siku hiyo ulionekana Septemba 2025, Kigali ilipokuwa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Wanaume waliendesha kilomita 267.5 katika mji wa vilima ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Tadej Pogačar wa Slovenia akaibuka bingwa. Wengi walishindwa kumaliza. Stendi haiwezi kumpa mtu wa delta hewa nyembamba ya nyanda za juu, lakini inaweza kumzoesha kusukuma mzigo mzito kwa muda mrefu bila kuachilia.

Asiye na kifaa cha kupimia wati anaweza kutumia maongezi. Akiweza kuzungumza sentensi nzima, mwendo ni mwepesi. Akiweza kutoa maneno matatu au manne tu, huo ndio mwendo wa mlima. Akishindwa kusema neno, yuko katika makali ya dakika tatu. Anaweza pia kuhesabu mapigo ya moyo shingoni kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Mapigo yakizidi kupanda huku nguvu ikiwa ile ile, joto limeanza kumshinda na ni wakati wa kupunguza.

Mwenye kifaa cha wati hujipima kwa kukanyaga dakika 20 kwa uwezo wake wote. Asilimia 95 ya wastani wa wati hizo hukadiria nguvu anayoweza kuidumisha kwa muda wa saa moja, na mazoezi mengine hupangwa kutokana nayo.

Pesa kidogo zianzie wapi

Vifaa vya baiskeli vina vishawishi vingi, na kijana anayepata kipato kwa msimu wa mavuno anaweza kutumbukiza akiba yake yote katika kitu kisichomfaa. Ununuzi unaofaa hufuata mpangilio.

Helmeti na taa huja kwanza kwa sababu barabara itafunguliwa tena. Pili ni kaptura yenye sponji na marekebisho ya kiti. Ndani, mtu hukaa kitini muda wote bila kuinuka, hivyo michubuko huja haraka. Kiti kiwe katika urefu ambao kisigino kikiwekwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unanyooka. Ncha ya mguu ikirudi mahali pake, goti linabaki limepinda kidogo.

Tatu ni feni, na nne ni rola au stendi ya sumaku, hata ikiwa iliyotumika. Anayenunua ya mkono wa pili azungushe mitungi asikilize beringi, akague mkanda na kuhakikisha fremu haijapinda. Kifaa cha wati na programu za intaneti huja mwisho kabisa.

Tairi la nyuma linalosuguliwa na mtungi huisha haraka, hivyo livalishwe tairi kuukuu na lile zuri lihifadhiwe kwa ajili ya barabara. Jasho lina chumvi inayokula chuma. Taulo iwekwe juu ya usukani na fremu ifutwe kila baada ya mazoezi, hasa kwenye nati na mnyororo. Sakafu ya udongo isawazishwe na kuwekwa ubao mpana ili stendi isizame upande mmoja.

Mlango wa mtandao

Kwa wachache wenye umeme wa uhakika na intaneti, kifaa cha kisasa hufungua mlango mwingine. Jay Vine wa Australia alipata mkataba na timu ya kulipwa baada ya kushinda shindano la kusaka vipaji la Zwift mwaka wa 2020, na miaka miwili baadaye akashinda hatua mbili za Vuelta a España.

Zwift hutozwa kila mwezi. Mwaka wa 2024 ada yake ilipandishwa hadi dola 19.99. MyWhoosh, programu kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu, haitozi ada, na ndiyo iliyotumika katika mashindano ya dunia ya UCI ya baiskeli za ndani mwaka wa 2024 ambayo fainali yake ilifanyika Abu Dhabi. Hata hivyo programu ya bure bado inahitaji kifaa cha wati, simu au kompyuta nzuri na mtandao usiokatika, na hayo yote huweza kukosekana wakati wa mafuriko yenyewe.

Kuna mambo ambayo stendi haiwezi kufundisha kamwe: kukata kona, kufunga breki kwenye mchanga, kuendesha bega kwa bega ndani ya kundi, kuusoma upepo wa pembeni. Hayo ndiyo aliyoyapata Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipokuwa kijana akifuatana na David Kinjah katika barabara za Kikuyu, miaka mingi kabla ya kutwaa Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017.

Maji yanapopungua, mwendeshaji asikimbilie mashindano siku ya kwanza. Aanze kwa kuikagua barabara kwa mwendo wa pole, kwani kingo za lami huwa zimeliwa na tope huacha utelezi. Baiskeli iliyoguswa na mafuriko ifunguliwe beringi za magurudumu na za pedeli, isafishwe na kupakwa grisi mpya, kwa kuwa maji ya tope huziua kimyakimya. Siku tatu au nne za safari fupi zinatosha kumrudishia usawa na uzoefu wa kundi.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Katika delta ambayo mto huamua ni lini barabara itafunguliwa, anayechelea ugumu wa kukanyaga pedeli bila kwenda popote atakuja kuulipia siku barabara itakapokauka na wenzake watakapomwacha nyuma. Aliyejinoa kibarazani mwake alfajiri, akanywa maji safi na kuuheshimu mkondo, atakuwa na pumzi yake, baiskeli yake na, zaidi ya yote, uhai wake.